Anjela, Nge, na Jua Lililohama

Jumapili, Ihumwa. Baridi ya Julai, upepo mkavu, vumbi hadi kwenye sukari. Leo kichwa changu kimejaa maswali.

Mdogo wangu Anjela, mchapaji katika ofisi moja ya serikali mjini, ninaishi naye. Barua ya posa ya Elia, fundi umeme wa Msalato, imelala kwa baba mdogo wiki ya tatu ikisubiri kauli ya Anjela. Anampenda. Lakini siku hizi kila gazeti jipya lina ukurasa wa nyota, na lake limeandika: Nge, usijifunge na mtu mwezi huu.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Niliudhika.

Alhamisi nikachimbua kitabu cha zamani cha shule. Wagiriki wa kale walisimulia juu ya mwindaji aliyejigamba kwamba angeua kila mnyama duniani. Ardhi ikamtoa nge, akamchoma mwindaji, naye akafa. Wote wawili wakawekwa angani, mbalimbali: nge akichomoza, mwindaji anazama.

Nikaendelea kusoma, chai ikapoa. Kumbe dunia inayumba polepole kama pia ya watoto. Kuyumba mara moja tu huchukua kama miaka elfu ishirini na sita. Tarehe za magazetini, za jua kupita kwenye kila kundi la nyota, zilipangwa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Tangu hapo jua limesogea. Anjela alizaliwa tarehe kumi Novemba, na siku hiyo jua lilikuwa kwenye Mizani, si kwenye Nge.

Jana, giza lilipoingia tu, nikamtoa nje nikamwonyesha nge: mkia uliojikunja, na ile nyota nyekundu kifuani. Nikamweleza yote.

"Kwa hiyo nimekuwa nikisoma barua ya mtu mwingine?" akauliza.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Dada, mimi siogopi nge. Naogopa kunyamazishwa kama mama alivyonyamazishwa ndani ya ndoa."

Wiki tatu nimebishana na gazeti, na sikuwahi kumuuliza yeye.

Leo baada ya ibada alikwenda Msalato peke yake. Amerudi saa kumi, macho mekundu lakini hatua nyepesi. Amemwambia Elia kwamba anataka kumaliza masomo yake ya jioni kwanza, na kwamba nyumba ambayo mwanamke haongei yeye haingii.

"Akasemaje?"

"Alinuna kwanza. Akanisindikiza hadi barabarani. Halafu akasema, 'Mwaka mmoja nitasubiri. Na ukiona nimeanza kukunyamazisha, niambie.'"

Sasa hivi yuko mezani anamwandikia baba mdogo: amekubali, ila harusi ni mwakani.

Nami nimefungua lile gazeti kwa siri. Kwa tarehe yangu wananiita Kaa. Jua lenyewe lilikuwa kwenye Mapacha. Nimesoma zote mbili, neno kwa neno, mwalimu mzima.

Mimi je, naogopa nini?