Kimya cha Wimbo wa Nne

Mshauri wangu, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku yetu na mimi sina uso wa kusimama mbele ya watu. Mimi ni fundi cherehani, na jioni ni katibu wa kundi la mashabiki wa bendi moja ya zamani ya roki, wapigaji wake wote wameshafariki, kilichobaki ni kanda moja ambayo marehemu baba yangu, aliyekuwa fundi mitambo wao, aliwanakilia rafiki zake, nao wakawanakilia wengine, mpaka ikatufikia sisi sote. Katikati ya wimbo wa nne muziki unakatika, kimya kabisa, halafu unarudi, na tunaamini wenzake walimwachia nafasi mpiga besi aliyewatangulia kufariki, kwa hiyo kila mwaka tukifika hapo tunasimama sote katika chumba cha nyuma cha kinyozi tunakokutania, tumeinamisha vichwa, na mjane wake, tunayemwita Mama Besi, anakaa mbele akijifuta machozi.

Sasa mwezi uliopita nilikuwa namsaidia mama kuhama chumba, nikaikuta kanda ya kwanza yenyewe, nikaipiga nikiwa kazini, na wimbo wa nne haukatiki hata kidogo, pale penye kimya kuna besi peke yake, inapigwa mpaka mkasi ukanitoka mkononi. Nikamuuliza mama, akacheka, "Si ulikuwa wewe? Ulikuwa mchanga, ukashtuka ukaanza kulia, baba yako akapunguza sauti akakubeba, akasahau kwamba mashine ya pili inanakili. Mpiga besi alipofariki baadaye, watu wasiojua kanda ilirekodiwa lini wakasema kile kimya ni heshima yake, baba yako akaona haya kuwakatalia."

Nikamweleza mwenyekiti wetu, tunamwita Sindano, akaniambia, "Dada, hiyo kanda ifiche. Utamwambia nini yule mama, kwamba miaka yote analia kwa sababu ya mtoto aliyetaka kubebwa?" Tangu hapo usingizi umenipaa, na Mama Besi masikio yake yanazidi kufifia, siku hizi anakaa akiwa karibu kuikumbatia spika. Je, ninyamaze, au niseme niharibu kitu ambacho watu wanakipenda hivyo?

Katibu

*

Katibu, pole. Pole hiyo ni ya usingizi tu, mengine nakukaripia. Kanda unayo mwezi mzima, mama wa watu masikio yanakwisha, na wewe umekaa unaniandikia mimi.

Kwanza acha kujibebesha kosa. Mtoto mchanga kazi yake kulia, na baba aliyeuacha muziki akamkimbilia mwanawe mimi simlaumu. Alikosea kuona haya baadaye, na haya hiyo si lazima uirithi.

Sindano namwelewa, anaogopa shughuli yenu itapoteza ladha. Lakini mwenyekiti wa mashabiki anayeficha muziki wa bendi yake mwenyewe ni shabiki wa nini? Miaka yote mmeinamisha vichwa kumkumbuka mtu huyo, na hapo hapo ndipo alipokuwa anapiga peke yake. Mjane wake hajamsikia.

Usingoje Jumamosi, jambo hili halianzi mbele ya watu. Leo ukifunika cherehani, nakili kanda hiyo kwanza, maana kanda kuukuu hukatika, na safari hii hakikisha hakuna mtoto karibu. Kisha azima spika ya kinyozi, nenda kwa Mama Besi peke yako. Usimpigie hotuba. Mweleze kama mama yako alivyokueleza, akikasirika mwache akasirike, kisha mwombe ruhusa umpigie wimbo wa nne. Kama hataki Jumamosi ipigwe, haipigwi, na Sindano hana kura hapo.

Majirani watavumilia. Baba yako alipunguza sauti kwa ajili yako, wewe nenda ukaiongeze mpaka yule mama asikie.