Nusu Inchi Mguu wa Kushoto

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya duka la dawa.
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa Binamu,

Hujambo huko ugenini? Wifi na mapacha wazima? Sisi tupo, tunapumua. Mama magoti yanamsumbua ila ulimi haujambo. Jana kamfukuza fundi bomba kwa kukoroga chai yake kwa bisibisi.

Yale mate uliyotema kwenye kichupa mwaka jana kutafuta asili ya ukoo, tukakucheka, yamezua jambo. Wiki iliyopita nilipigiwa simu na mama mmoja wa maabara ya polisi. Kuna mwanamume aliyeokotwa amekufa miaka sita iliyopita, akazikwa kwa namba. Wamelinganisha vinasaba vyake na vya watu waliojipima, wakakupata wewe na ndugu wawili wa mbali tusiowajua, wakaunga ukoo kipande kwa kipande mpaka kwa babu yetu. Nasikia namba yangu uliwapa wewe, na hukuniambia. Nimekusamehe, lakini nusu.

Katika wajukuu wa babu, aliyepotea ni kaka yangu tu.

Sasa wanataka mate ya mama au yangu wapate hakika. Wameniletea kijiti cha pamba. Nimekificha kwenye droo ya vifungo, na kila mteja akidai kifungo namwambia vimekwisha.

Kosa langu ni kuuliza alivaa nini. Suruali ya kijivu, kasema yule wa maabara, pindo la mguu wa kushoto limezidi nusu inchi, labda fundi alikosea. Sikukosea, Binamu. Unaujua mguu wa kaka ulivyobaki mfupi tangu alipoanguka utotoni. Nikashukuru, nikakata simu. Naogopa. Nikikitumia kile kijiti, ni kama nimemzika mimi.

Mama hajui lolote. Kila mwaka huniagiza nimshonee kaka suruali, asije akarudi hana cha kuvaa. Leo asubuhi kaja na kitambaa. "Muongeze kiuno," kasema, "atakuwa kanenepa. Na ule mguu usiusahau."

Nikachukua chaki, nikapima, nikakata. Alipotoka nikafungua droo, nikasugua kijiti ndani ya shavu. Nakipeleka posta pamoja na barua hii.

Majibu ni baada ya wiki tatu. Njoo, tafadhali. Kumwambia mama siwezi peke yangu.

Msalimie wifi, wabusu mapacha. Mungu akufungulie njia. Suruali itakuwa tayari ukifika.

Wako akupendaye,
Dada Sindano