Sauti ya Bi Mauwa

Jumatatu, 14 Juni 1976

Baridi asubuhi. Chai nimepika mwenyewe, imekuwa nyepesi tena. Gazeti la juzi nimelisoma mpaka matangazo ya minada. Alasiri nimekwenda dukani kwa Habib kama kawaida.

Ubishi wa leo: kati ya michezo ya kuchekesha ya redio, upi ulioubeba wakati wake kuliko yote. Redio imetangaza kwamba kila kikundi cha wasikilizaji kichague mchezo mmoja wa zamani na kupeleka jina lake kwa kadi ya posta. Utakaopendwa utarushwa tena. Sisi kikundi chetu ni Habib, Mhindi mwenye duka na mwenye redio, Mwalimu Veronika, anayepitia hapo akitoka shuleni, Maganga, Mnyamwezi wa Sikonge, mrina asali, mtani wangu, na mimi.

Habib anataka "Bwana Karani", wa miaka ya hamsini. Karani kavaa tai, lakini chini ya meza yuko peku kwa sababu viatu vinambana. Simu ikilia anasimama wima kabla hajaipokea. Habib kasema, "Nchi nzima ilisimama vile, mzee wangu. Hata baba yangu, na dukani kwake hakukuwa na simu."

Veronika anataka "Mwenyekiti Hajalala", wa siku hizi. Kijiji kipya, mwenyekiti anaitisha mkutano wa kupanga mkutano. Anasema watoto wa darasa lake wanauigiza wakati wa mapumziko.

Maganga anataka "Wapangaji wa Bi Mauwa". Huo ulianza mara tu baada ya Uhuru. Nyumba moja Dar es Salaam, kila chumba kabila lake, choo kimoja. Bi Mauwa, mwenye nyumba, anawafokea wote sawasawa.

Bi Mauwa alikuwa mke wangu. Zena. Kazi ya reli iliponihamishia Dar alijiunga na akina mama waliokuwa wakiigiza, na redio ikamchukua. Hapa Tabora kila mtu anajua. Walinitazama, wakingoja niseme.

Nimesema nitafikiri. Nimeondoka mapema.

Jumatano, 16 Juni

Niandike sababu, maana kuisema siwezi.

Zena alifariki mwaka juzi. Sisi ni Wazaramo, yeye na mimi, kwa hiyo Maganga alikuwa mtani wake kama alivyo wangu. Utani huo ni wa njia ya misafara. Babu zao walipita na pembe mabegani, babu zetu wakiwauzia maji. Matanga yakifika mtani ana kazi yake, na Maganga aliifanya. Alijifunga kanga ya marehemu, akachukua ufagio wake, akasimama mlangoni kwangu akawafokea waombolezaji kwa sauti ya Zena. "Mmekuja kulia au kula? Futeni miguu!" Wanawake waliokuwa wamekauka koo kwa kulia wakaanguka kwa kicheko. Mimi pia nilicheka. Ilikuwa haki yake, na ilikuwa haki ya Zena.

Lakini aliifanya vizuri mno.

Tangu siku ile, nikitaka kuikumbuka sauti ya Zena inakuja ya Maganga. Kila mara. Sauti ya mwanamume mwenye ndevu aliyefunga kanga vibaya. Nimejaribu njia nyingi. Nakumbuka mikono yake, mgongo wake, harufu ya karafuu. Mdomo nauona ukifunguka, kisha anasema Maganga.

Na mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia umejivunjia heshima mwenyewe.

Sasa hili la redio. Huko Dar, kabatini mwa mtu, iko kanda yenye sauti yake yenyewe. Naitaka. Naiogopa. Nikiisikia nikaiona ngeni, sitakuwa na chochote chake tena.

Jumamosi, 19 Juni

Siku mbaya.

Nimemtetea Bwana Karani. Nimezungumza kwa kirefu na kwa ufasaha. Nimesema ukitaka kujua kama mchezo umebeba miaka yake, usihesabu vicheko. Tazama nani anamwogopa nani. Karani anamwogopa Mzungu, tarishi anamwogopa karani, mke wa tarishi anamwogopa mke wa karani. Ngazi nzima ya ukoloni imo humo.

Habib alifurahi. Veronika akauliza, taratibu, "Na kwa Bi Mauwa, mzee, nani anamwogopa nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Katika nyumba ile hakuna aliyemwogopa mwenzake. Wanagombana kutwa, na hakuna anayeogopa. Hiyo ndiyo miaka ile hasa. Tuliishi hivyo kwa muda mfupi, nikadhani ndiyo itakuwa desturi. Nilijua mchezo ule ni bora kuliko mingine yote, nikanyamaza.

Ndipo Maganga akajishika kiuno. Akabana pua kidogo, akapandisha sauti. "Mume wangu! Unanikana mbele ya Mhindi, kwa ajili ya karani asiye na viatu?"

Habib alicheka mpaka akaegemea mizani. Wapita njia nao wakacheka. Alikuwa Zena. Alikuwa yeye kabisa, na hakuwa yeye.

Nimesimama nikaondoka. Sikuaga.

Jumapili, 20 Juni

Aibu. Mzee wa umri wangu, kumsusia mtani hadharani.

Maganga amekuja baada ya adhuhuri na baiskeli yake. Hakubisha hodi. Ameingia, akachukua kofia yangu nzuri msumarini, akaivaa. "Hii nimeikamata. Mzaramo aliyekasirika hana haki ya kichwa."

Ilinibidi nicheke. Nikamwambia babu yake alibeba mizigo ya watu mpaka shingo ikazama, ndiyo maana yeye kofia inamfika masikioni.

"Na babu yako aliniuzia maji ya kisima changu mwenyewe," akasema. Amekunywa chai yangu, akaitukana, akaondoka na kofia. Njia nzima ya Ng'ambo wamemwona nayo.

Hakuuliza nilikasirikia nini. Sikumwambia.

Alhamisi, 24 Juni

Amepita kijana wa ukoo kwa treni, anakwenda Kigoma. Nilimfuata stesheni tukazungumza dirishani. Habari za Maneromango, kijijini kwetu Uzaramo: watu wote wamehamishiwa kijiji kipya kando ya barabara. Nyumba ya baba imebomolewa, miti yake imejengewa ghala. Makaburi yamebaki huko nyuma, majani yamepanda.

Sikukasirika. Ghala lazima lijengwe na kitu.

Ila nimerudi kwa miguu polepole. Miaka yote hii hapa Tabora naitwa mtu wa pwani. Nilikuwa napenda kuitwa hivyo. Sasa hiyo pwani yangu ni majani. Wa kule nyumbani aliyebaki akinikumbuka nilipokuwa kijana alikuwa Zena peke yake, naye nilimzika huku.

Dukani sikwenda.

Jumamosi, 26 Juni

Nimempigia kura Bi Mauwa.

Kila mmoja alikuwa na mchezo wake, kwa hiyo kura yangu ndiyo iliyoamua. Nimetoa hoja niliyoificha wiki iliyopita, kuhusu nyumba isiyokuwa na woga. Veronika akakubali, amesema Mwenyekiti Hajalala angoje, zamu yake haijaisha. Habib alinung'unika, kisha akatoa kadi ya bure. Veronika kaandika kwa mwandiko wa ubaoni.

Maganga alinitazama kutoka chini ya kofia yangu.

Nimefanya hivyo kwa sababu ya Zena, si kwa sababu ya miaka ya sitini. Hoja ilikuwa ya kweli hata hivyo.

Ijumaa, 9 Julai

Redio imetangaza. Vikundi vingi vimemtaka Bi Mauwa. Kipindi kimoja, Jumamosi ya wiki ijayo, jioni.

 

Jumanne, 13 Julai

Silali vizuri. Mchana nasikia mlango. Hakuna mtu mlangoni. Ni sauti za wapita njia tu, na katikati yake neno moja moja kama lake, na nikigeuka ni Maganga kichwani mwangu tena, anachekesha.

Nimefungua sanduku lake. Kanga zimekunjwa kama alivyoziacha, isipokuwa ile moja ya matanga. Hiyo imekunjwa kiume.

Nimejaribu kusema mwenyewe maneno yake ya redio. "Nyumba hii si stesheni, bwana!" Yalitokana na mimi, nilikuwa naingia na kutoka kwa zamu za reli, akanifokea hivyo nyumbani, kisha akayapeleka redioni. Nchi nzima ikawa inayasema. Nimeyasema ndani ya chumba kitupu. Yametoka ya Maganga.

Jumamosi, 17 Julai

Duka limejaa. Habib alitoa masanduku ya soda watu wakalie. Wamekuja hata wasiomjua Zena. Veronika kaja na mama yake, wametoka Kipalapala kwa miguu. Wamenipa kiti cha mbele kama bwana harusi. Kila mtu shikamoo, shikamoo.

Muziki ukaanza. Niliujua. Mlango ukalia. Mpangaji Mhaya akauliza nani ameoga kwa maji yake. Vicheko. Kisha nyayo, kisha yeye.

"Nyumba hii si stesheni, bwana!"

Duka zima likapiga makofi. Mtu nyuma yangu alisema "Allah amrehemu." Mama yake Veronika akanishika bega.

Hakuwa Zena.

Nilingoja sentensi ya pili, nikangoja ya tatu. Sauti nzuri, ya mwanamke mnene zaidi, inayopenda kusikilizwa. Nilielewa. Reli iliponirudisha Tabora, Zena aliacha, na mchezo uliendelea. Walimpa mwingine kiti chake. Nilijua wakati ule. Nilikuwa nimesahau kwamba nilijua. Kanda waliyoirusha ni ya baadaye. Zile za mwanzo huenda zimefutwa, wakarekodia juu yake mambo mengine. Ndivyo wanavyofanya, kanda ni ghali.

Watu walicheka mpaka mwisho. Nilitazama redio. Nilitikisa kichwa mahali pa kutikisa. Kila mmoja akaja kunipa mkono. "Sauti yake ileile, mzee." Habib machozi yalimtoka, mtu mwema. Nikasema asanteni. Ningewaambia nini? Walikuwa wamempenda jioni nzima.

Maganga hakucheka hata mara moja. Alinisindikiza akikokota baiskeli. Karibu na kwangu akasema, bila utani wowote:

"Yule siye."

"Siye," nikasema.

"Nilidhani masikio yangu yamezeeka."

Tukasimama pale. Mtu mmoja tu Tabora nzima aliyejua, na ni yeye.

Jumapili, 18 Julai

Sikutoka. Nina hasira, na sina wa kumkasirikia. Kanda imekwisha. Hakuna kitu tena cha kungoja.

Alhamisi, 22 Julai

Upepo mwingi, vumbi mpaka kwenye vyungu.

Maganga kaja asubuhi na asali. Tumekaa ndani, mlango umefungwa kwa ajili ya vumbi. Nimemwambia yote. Kwamba kazi aliyoifanya matangani ilikuwa nzuri, na kwamba imekaa mahali pa Zena haitaki kutoka. Nilisema vibaya, nusu nusu.

Amevua kofia yangu, akaiweka mezani. Amesema siku ile alifanya kwa haraka, alitia chumvi, maana watu wanatakiwa wacheke. Angalifanya kama Zena alivyokuwa hasa, asingalicheka mtu.

Nikamwomba afanye kama alivyokuwa hasa.

Hakutaka. Amesema mtani anafanya mbele za watu. Wanaume wawili ndani ya chumba ni jambo jingine. Nikamwomba tena. Akatazama sakafu. Hakubana pua, hakujishika kiuno. Akasema polepole, neno moja la Zena ambalo amelisikia akija kwangu miaka yote:

"Umekula?"

"Siyo hivyo," nikasema.

Akainua kichwa.

"Umeuliza," nikamwambia. "Zena hakuuliza. Wala hakupandisha mwisho. Alilisema kifupi, chini, amekwishageuka anakwenda jikoni. Hakungoja jibu."

"Chini?"

"Chini. Kama mtu anayeweka kitu mezani."

Maganga amejaribu tena. Nikamkatalia. Akajaribu tena, nikamkatalia, bado ilikuwa ndefu. Tumebishana hivyo asubuhi nzima, yeye akisema alivyosikia mlangoni, mimi nikisema nilivyosikia ndani, mpaka akachoka akasema Wazaramo hawafundishiki wala hawafundishi. Ametafuta mafuta jikoni, akakaanga mayai. Tumekula na mkate.

Maganga ameondoka sasa hivi. Upepo umepungua. Nimekaa, sijaribu chochote. Zena amepita nyuma ya kiti changu akielekea jikoni, akasema, kifupi, chini.

Nimesema nimekula.