Baba mkwe amekaa benchi la mbele, na mwalimu ni mimi

Mshauri wetu, shikamoo, nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana nimejiingiza pabaya na sijui nitatokaje. Mimi nafundisha darasa la jioni la watu wazima wasiojua kusoma na kuandika, tunakutana kwenye ukumbi nyuma ya soko, na nilikuwa naringa kweli na wanafunzi wangu, mpaka jioni moja mlango ukafunguliwa akaingia baba mkwe wangu, mzee mzima, fundi makochi anayeheshimika mtaa mzima, akawapita wote akakaa benchi la mbele kabisa. Kwa kuchanganyikiwa nikasema, "Shikamoo Baba," naye akasimama wima kama wanafunzi wengine akanijibu, "Shikamoo Mwalimu," darasa likavunjika mbavu, mimi nikaangusha chaki.

Tangu siku hiyo, mshauri, sifundishi, naigiza. Wenzake wakikosea nawasahihisha, tena kwa ukali kidogo, lakini yeye nitamwambiaje umekosea, mtu ambaye nyumbani nampokea mzigo na siwezi hata kumkatiza akiongea? Halafu ana namna yake ya kusoma, anashika neno la kwanza, yanayofuata anayatunga. Ubaoni nimeandika "Mama anachota maji kisimani," yeye kakohoa, kaweka miwani sawa, kasoma kwa sauti nzito, "Mama anachoka na majukumu ya nyumbani," akina mama wa benchi la nyuma wakampigia makofi, wengine wakasema kweli kabisa mzee, na mimi nikasema, "Vizuri sana Baba, kaa." Muuza mkaa, ambaye mdomo wake hauna breki, akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona mimi nikikosea napigwa kalamu nyekundu, mzee akikosea anapigiwa makofi?" Nikamwambia tutaongea baadaye, na namkwepa mpaka leo.

Sasa mzee anaamini amehitimu. Nyumbani kila kitu anasoma yeye, mabango, magazeti, hata dawa za mama mkwe ambazo zamani alikuwa ananiletea mimi nizisome, sasa ananiambia, "Pumzika mwanangu, msomaji yupo." Juzi mama mkwe alikuwa anakohoa, mzee akachukua chupa akaisoma mbele yetu, "Dawa ya kifua, kijiko kimoja asubuhi na jioni," kumbe ilikuwa dawa ya kuchua magoti, mama wa watu akaionja akaitema mpaka ukutani, tulicheka siku nzima. Lakini hilo tuliache, shida yangu ni Jumamosi, tunafunga darasa, wageni wanakuja, na mzee ameshatangaza kwamba atasoma mbele ya watu, koti limepigwa pasi na mashemeji zake wamealikwa. Nikimwambia mume wangu aongee na baba yake ananijibu, "Mimi simo, mwanafunzi ni wako." Nimewaza nimpe mzee maneno mafupi akayakariri, au niseme muda umekwisha kabla zamu yake haijafika. Nampenda sana mzee huyu, sitaki aumbuke, wala sitaki aache darasa. Nifanye nini?

Mwalimu Niliyebanwa

*

Mwalimu uliyebanwa,

Nimecheka, sikufichi. Hapo kwenye majukumu ya nyumbani ilibidi niweke kikombe chini. Halafu nikafika kwenye chupa, kicheko kikaniishia. Wewe umepita pale mbio, eti hilo tuliache. Hatuliachi! Dawa ya kuchua haiendi tumboni, na mama mkwe wako angekuwa mwepesi wa kumeza, leo ungeniandikia barua nyingine kabisa. Na nani aliyemwaminisha mzee kwamba anajua kusoma? Ni wewe, kila jioni, kwa hiyo "vizuri sana Baba" yako.

Sikiliza, mwanangu. Mambo ya wakwe nayajua, nami nimeolewa. Nyumbani mpokee mzigo, mpishe kiti, nyamaza akiongea. Darasani alikuja kutafuta kitu, na wewe unamrudisha mikono mitupu huku unamchekea. Huyo muuza mkaa unayemkwepa nina hakika sasa anasoma, kalamu nyekundu imemfaa. Na mumeo anayesema hayumo, mwambie nimesema yumo mpaka shingoni, maana chupa ile ilikuwa inaingia kinywani mwa mama yake.

Kwa hiyo leo, kabla hujaenda darasani, wewe na mumeo zikusanyeni dawa zote, mzisome moja moja mbele ya wazee wote wawili, na ile ya kuchua ikae mbali na za kunywa. Kesho mchana nenda karakana kwa mzee, peke yako, usitume mtu. Mwamkie, tafuta kochi lenye miguu yote ukae, umwambie: "Baba, nimekuwa nakudanganya. Husomi bado, unakisia, na mimi niliogopa kukuambia." Maneno hayo hayo, usiyapake asali. Labda atanyamaza, labda atakufokea. Akikufukuza, ondoka kwa adabu, na jioni fungua darasa kama kawaida.

Habari ya kumkaririsha ifute kichwani. Jumamosi asome sentensi moja, fupi, aliyoisoma mwenyewe neno kwa neno, hata kama mashemeji wataanza kupiga miayo. Na nikuulize, mama mkwe anafanya nini nyumbani jioni zote hizo? Anasomewa na wewe, anasomewa na mumewe, na hakuna aliyemuuliza kama angependa kujisomea. Muulize. Akikubali mtengee nafasi, mbali na mzee, wasije wakanong'onezana majibu.

La mwisho. Unasema unamkinga mzee asiaibike. Mzee yule alifunga karakana yake jioni ile watu wote wakimwona, akapita katikati ya majirani, akaingia mbele ya mke wa mwanawe kusema kwamba kusoma hajui. Aibu yake aliimaliza siku ile. Iliyobaki ni yako, na kwa ajili ya hiyo yako mzee wa watu hajajifunza kitu.

Mfundishe.