Dawa Uliyoikataa

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Juzi mwanamke mmoja alikuja kibandani kwangu hapa Utemini, akaniomba nimshonee gauni lisilomgusa ubavuni. Nikaweka mkasi mezani. Hakuhitaji kunieleza zaidi, maana niliwahi kumshonea mtu gauni la namna hiyo, na mtu huyo ni wewe. Nilimpima, nikamsihi arudi hospitali, na alipoondoka nikatafuta kalamu.

Ulikuwa umepata mkanda wa jeshi. Malengelenge yakakauka, ngozi ikapona, sote pale Sepuka tukamshukuru Mungu. Maumivu hayakuondoka. Ulisema ni kama mtu anakupitishia waya wa moto chini ya ngozi. Khanga ikikugusa tu, unaruka. Daktari alieleza kwamba ugonjwa wenyewe umekwisha ila mishipa ya fahamu imeumia, akakupa vile vidonge vya kumeza jioni vilivyokukausha mdomo. Vilipunguza maumivu, havikuyamaliza.

Ndipo kila mtu akaja na dawa yake. Wewe hukumdharau hata mmoja. Ulimkaribisha, ukamsikiliza mpaka mwisho, kisha ukamuuliza swali lako: "Uliyemtibu yuko wapi, nikamsalimie?"

Mjomba Elia, kaka yako mwenye mizinga, alitaka nyuki wakuume palepale panapouma, eti sumu yao hufukuza maumivu. Ukamtazama kwa upendo.

"Kaka, wewe nyuki wamekuuma tangu ujana. Mbona kila ukiinama unashika kiuno?"

Mjomba alicheka hadi machozi yakamtoka, akakuachia asali tu, ukaitia kwenye uji.

Jirani yako Mama Zuhura alikushauri ukaumikwe kwa pembe mgongoni, na ukaenda naye. Uliporudi ulimwambia ukweli bila kumvunja moyo: "Mgongo umeshukuru, ubavu umekataa." Halafu kulikuwa na pilipili iliyolowekwa kwenye mafuta ya alizeti. Hiyo ulimuuliza nesi kwanza. Akasema haina neno mradi ngozi imefunga na ukishapaka unawe mikono vizuri. Ukajaribu kidogo mkononi, ndipo ukapaka ubavuni. Ilichoma, kisha ikatuliza. "Inasaidia kidogo," uliniambia, "na kidogo tusikiite kingi." Sijapata kumwona mtu mwenye maumivu makali hivyo akipima mambo kwa utulivu namna hiyo.

Lakini baba mkwe alichoka kukuona ukilia. Akaamua tukamwone mganga mmoja upande wa Issuna, aliyesifiwa sana. Nilifuatana nanyi kwa kuwa ulizoea kunishika mkono unapotembea. Mganga aliuliza habari za ugonjwa, kisha akalikazia macho gauni lako, lile pana lisilo na mshono upande wa kushoto. Akauliza nani kakushonea.

"Mkwe wangu huyu," ukajibu kwa fahari. "Fundi kweli."

Akasema umefungwa nyoka ubavuni, na aliyekufunga ndiye anayekuvika. Akataka vidonge vitupwe, na mimi niondolewe nyumbani, ndipo aanze kazi yake.

Mama, nilikuwa bado mgeni katika ukoo wenu, na nawajua wanawake waliofukuzwa kwa neno dogo kuliko hilo. Baba mkwe aliinamisha kichwa, hakunitazama. Nikakutazama wewe. Maumivu yalikuwa yamekubana, jasho linakutiririka usoni. Ungeweza kuamini, na wala nisingekulaumu. Mtu anayeungua hachagui maji.

Ukainuka taratibu.

"Mzee," ulimwambia mganga, "maumivu yalinianza kabla sijalivaa gauni hili. Hili ndilo lililonitoa kitandani. Dawa inayotaka kwanza nimchukie mtu, mimi siiwezi."

Kisha ukamgeukia mumeo: "Baba Yohana, twende nyumbani. Mama Neema, nishike mkono."

Tulipofika stendi baba mkwe alininunulia soda, akanipa kwa mikono miwili. Nilielewa, nikapokea kwa mikono miwili.

Hukupona kabisa. Daktari aliongeza vidonge kidogo, mafuta ya pilipili ukaendelea nayo, na maumivu yakashuka mpaka ukarudi kupalilia alizeti na kuimba sauti ya pili kanisani. Siku ikiwa mbaya ulisema ni mbaya, ukakaa kivulini, ukatuagiza maji. Hukujifanya chuma. Hilo nalo nililistaajabia.

Moyo ndio uliokuchukua, ghafla, si ubavu. Siku ya msiba Mjomba Elia na Mama Zuhura walikaa mkeka mmoja, wakibishana huku wanalia, kila mmoja akisema dawa yake ndiyo uliyoipenda zaidi. Nikajua ulivyowapokea: kila mmoja aliondoka kwako akiwa bado ndugu.

Baba mkwe hajambo. Ananiita mwanangu siku hizi, na yeye si mtu wa kusema neno asilolimaanisha. Mimi nashona, nalea, na siku nyingine nakukumbuka hadi nasimamisha cherehani. Uliumwa miaka mingi, mama, wala hukumuuma mtu.

Lala kwa amani.

Mkweo,
Mama Neema