Niliowapa Jina Lako

Namoto, mlangoni mwa Ruvuma

Mama yangu Zuhura,

Nakushika miguu kutoka huku ng'ambo ya mto. Kifua kimepoa? Na mjomba, bado amekununia kwa kuwa ulimmwagia tumbaku yake? Mimi mzima wa mwili, alhamdulillahi.

Barua uliyomwandikisha mjomba nimeipata, nimeisoma nimekaa chini. Unasema huko Lindi, adhuhuri jua kali, watu wanakuita "mama" uani, sauti za watu wazima usiowajua, ukitoka humkuti mtu ila kizingiti kimelowa. Na mjomba keshatafuta fundi wa kuwafukuza. Astaghfirullahi! Mzuie huyo fundi, mama. Kosa ni langu.

Umesikia jinsi ndege za vita za mkoloni zilivyowakuta watu wetu kwenye mitumbwi, wakikimbilia huko kwenu. Nchi nzima inalia. Wengi walikufa, miili yao imenasa kwenye mikoko, na tunaowatoa tuko watatu: mimi, Mwalimu Bakari, anayeosha maiti na kuwasomea, na mwenzetu, kamarada Agostinho, Mmakonde wa bara, Mkristo. Huyo tope likimfika kifuani bado anatania, "Nyie watu wa pwani, tope la kwenu wenyewe mnaliogopa!" Lakini akishamshika maiti hunyamaza, humbeba polepole kama anambeba mgonjwa. Hakuna aliyemtuma. Mungu amlipe, mimi siwezi.

Tukizika, Mwalimu husoma talkini, maneno ya kumwelekeza maiti kaburini, akimwita marehemu mwana wa mama yake. Hao mama zao hatuwajui, basi akawaita wana wa Hawa, ndiyo desturi. Agostinho akaweka jembe chini.

"Mwalimu, Hawa ana watoto dunia nzima, atamshughulikia yupi? Wape mama aliye hai."

Mwalimu akanitazama mimi. Nikataja jina lako. Saba wamezikwa kwa jina hilo, mama, na wengine kwa jina la mama yake Agostinho. Agostinho kaleta habari kutoka bara kwamba mama yake naye anaitwa mchana.

Tulipomwita wa saba, mikoko ya upande mmoja ilitikisika, na upepo haukuwepo hata chembe. Mwalimu akafunga kitabu. "Wamesikia," akasema, tukarudi kambini.

Nilipaswa kukuomba ruhusa kwanza. Nisamehe, nakuonea huruma na naona haya. Ila usiwafukuze, hawana kwingine. Wakiita, itika. Sema, "Karibuni wanangu," mwaga maji baridi kizingitini, wasomee Fatiha. Sidhani wanataka zaidi ya hapo.

Nisalimie mjomba, na mkewe anayekusugua kifua, na dada yangu Somoe. Mwambie aache uvivu, akuchotee maji yeye.

Kesho tunarudi kwenye mikoko, na ndege bado zinapita. Niliowapa jina lako ni saba tu. Ukimsikia wa nane, mama, usimuulize yeye nani, sauti utaijua. Mfungulie.

Mwanao,
Shabani