Walichobeba Waazteki

Kakuyuni, Jumapili

Niwie radhi, daftari. Tangu tumzike mke wangu sikuwa na la kukuandikia.

Leo mjukuu wangu Kadzo alikuja kutoka Bofa, akafungua kitabu cha historia kabla ya kuniamkia. Nikamrudisha mlangoni aingie upya. Kisha akanisomea habari za Waazteki: waliihama Aztlan, wakatembea miaka mingi wamembeba mungu wao mgongoni, hata wakamwona tai juu ya mpungate, mmea wa miiba, ziwani. Hapo wakajenga mji.

Nikamkumbuka nyanya yangu akisonga sima, akisimulia jinsi wazee wetu walivyotoka Singwaya na fingo, hirizi ya kuzikwa kayani. Aliililia Singwaya, ingawa hakuwahi kuiona.

"Kumbe hata Waazteki walihama, Babu! Wewe tu umeota mizizi."

Najua ametumwa na baba yake, anayetaka nihamie kwake.

"Kaburi la bibi yako nilibebe mgongoni?"

"Na makaburi ya Singwaya, Babu, nani aliyabeba?"

Alipoondoka, niliinua mbuzi ya marehemu, ile aliyokunia nazi miaka yote. Si nzito kama nilivyodhani.

Kwenda au kubaki, nikishaamua nitakuandikia.